Kabla Uniwekee Mikono, Niulize Nataka Nini

Jumanne jioni, niko kwa matatu ya kwenda Kayole. Jogoo Road imefungana, kondaa amejaza watu mpaka mlangoni, na mimi nimekaa kiti cha pili nikitafuta pa kuweka magongo yangu. Mama aliyekaa kando yangu akayaangalia magongo. Akaniangalia mimi. Halafu bila hata salamu, akaniwekea mkono kwa goti na kuanza kukemea.

Si kuomba, wasee. Kukemea. Kwa sauti. Aliamuru roho ya ulemavu itoke kwa mguu wa kushoto, itoke kwa mguu wa kulia, irudi kuzimu ilikotoka. Matatu yote ikanyamaza. Jamaa wa nyuma akatoa simu. Mama alipomaliza akanigusa bega, akasema, "Mwanangu, wewe amini tu," akashuka Donholm.

Hakuniuliza jina. Hakuniuliza kama nina shida yoyote. Na shida nilikuwa nayo, moja tu: mfuko wake wa viazi ulikuwa umekaa pale ningeweka magongo.

Sasa kabla mnirukie, acha niseme hivi. Mimi ni Mkristo. Naomba. Naamini Mungu anaweza kuponya, na sina shida na mtu kuniombea akiniuliza kwanza. Hii si stori ya mtu aliyekasirikia kanisa akaenda. Niko ndani, kiti cha nyuma kabisa, kwa sababu huko mbele kuna ngazi. Lakini kuna mafundisho fulani yanayozunguka kwa krusedi zetu, kwa redio zetu na kwa simu zetu, yanayosema mtu mwenye ulemavu akiombewa na asipone, shida ni imani yake. Mimi nasema hayo mafundisho si magumu, si ya kina, si "nyama ngumu" ya watu waliokomaa kiroho. Ni uongo. Na ukifungua Biblia yenyewe, ndiyo inayoyakataa kwanza.

Wacha nianze na ya kwangu ndiyo ujue sisemi mambo ya kusikia.

Nilizaliwa na mtindio wa ubongo. Sehemu ya ubongo inayoongoza miguu iliumia wakati wa kuzaliwa, kwa hivyo misuli ya miguu yangu hukaza na hainisikii vizuri. Akili iko sawa, asante kwa kuuliza. Nikiwa na miaka 14, mathe alinipeleka krusedi uwanjani. Bango kubwa, spika za kuua masikio, na chini ya picha ya mtumishi, namba ya Paybill. Wahudumu waliona magongo kutoka mbali wakatupeleka mbele haraka, yaani siku hiyo tu ndiyo ulemavu ulinipa kiti cha mbele. Nikapandishwa jukwaani. Mtumishi akanyakua magongo yangu, akayarusha kando, akanishika mkono na kusema, "Tembea!"

Nikatembea. Hatua tano.

Uwanja ulilipuka. Watu walilia, kinanda kikapigwa, mathe akapiga magoti kwa vumbi. Na mimi pale juu nilikuwa najua kitu ambacho hakuna mtu alikuwa amejali kuniuliza: mimi huweza kutembea hatua tano bila magongo. Nilikuwa naweza hata kabla ya hiyo krusedi. Ndivyo nilivyokuwa natoka kitandani asubuhi kwenda mlangoni. Hatua ya sita ndiyo hukataa. Na ilikataa. Nilianguka, maiki ikahama kwa mtu mwingine, na wahudumu wawili wakanishusha kwa ngazi za nyuma ambako kamera hazifiki. Mathe akaambiwa muujiza ulikuwa umeshuka ila mtoto akaingiwa na shaka, sasa apande mbegu kuufunga. Alipanda. Ilikuwa karo yangu ya muhula wa pili.

Nilikaa nyumbani wiki tatu. Lakini karo si ndiyo iliniuma. Iliniuma kwamba kwa muda mrefu baada ya hapo, kila mathe akiniona nikishika ukuta, nilikuwa naona anajiuliza kimoyomoyo: ni mimi nilikosea, ama ni huyu? Hiyo ndiyo mbegu iliyoota kwetu.

Kuna kitu wengi wenu hamjui, na watu wa majukwaa wanakitegemea sana. Ulemavu si swichi ya kuwasha na kuzima. Watu wengi wanaotumia viti vya magurudumu wanaweza kusimama, na wengine wanaweza kutembea kidogo; wanatumia kiti kwa sababu ya uchovu, maumivu au umbali. Watu wengi wanaoitwa vipofu huona mwanga au vivuli. Viziwi wengi husikia sauti fulani nzito. Kwa hivyo mtu akisimama kutoka kwa kiti, akifuata kidole cha mhubiri kwa macho, au akigeuka baada ya kupigiwa makofi nyuma ya sikio, huenda hujaona muujiza. Umeona tu kile mtu alikuwa anaweza kufanya nyumbani kwake. Tofauti ni kwamba nyumbani hakuna sadaka ya kukusanya.

Na siongei hata kuhusu wale matapeli wa wazi. Mnakumbuka 2014, KTN ilipoonyesha jinsi maji yanavyogeuka mekundu kwa kemikali ya dukani na watu wanaambiwa ni uponyaji, huku wakiambiwa wapande mbegu ya 310? Nchi nzima ilicheka. Lakini huyo ni rahisi kumkataa. Ninayemwogopa zaidi ni mhubiri mwaminifu, asiyeiba shilingi, anayeamini kwa moyo wote kwamba mimi nikibaki na magongo basi nimemwangusha Mungu.

Huyo ndiye nataka tufungue Biblia naye.

Anza na mstari wanaoupenda sana: Yesu kumwambia mtu kwamba imani yake imemponya. Ni kweli, alisema hivyo mara kadhaa. Lakini alisema hivyo kumpongeza aliyepona. Nionyeshe mahali pamoja tu, pamoja, ambapo mgonjwa au mtu mwenye ulemavu alimjia Yesu akataka kuponywa, akarudishwa nyumbani kwa kuambiwa imani haitoshi. Tafuta. Nitakungoja.

Utapata kinyume. Yohana 5, pale Bethzatha, kuna mtu aliyekuwa mgonjwa miaka 38. Hakukiri imani yoyote. Alilalamika tu kwamba hana mtu wa kumsaidia kufika kwa maji. Akaponywa, na alipoulizwa ni nani amemponya, hakujua. Luka 22, usiku wa kukamatwa, mtumishi wa kuhani mkuu anakatwa sikio, Yesu analigusa na kulirudisha. Huyo jamaa alikuwa na imani gani? Alikuwa amekuja na kundi lililokuja kumkamata! Marko 2, mtu aliyepooza anashushwa kupitia paa, na Injili inasema Yesu aliiona imani yao, yaani pamoja na wale marafiki waliombeba.

Halafu kuna ile ya Mathayo 17, na Marko 9 pia, ambayo nadhani wahubiri wetu huiruka makusudi. Baba analeta mwanawe mwenye dalili kama za kifafa. Wanafunzi wanajaribu, hakuna kitu. Baba mwenyewe anakiri kwamba imani yake ina mashimo. Yesu anamponya mtoto. Baadaye wanafunzi wanamuuliza faraghani: mbona sisi tulishindwa? Na Yesu anawaambia ni kwa sababu ya imani yao haba. Imani ya nani? Ya waliokuwa wanajaribu kumponya! Hakumlaumu mtoto, na baba mwenye mashaka alipata alichoomba. Kwa hivyo mtumishi, kama unataka kutumia hesabu ya "imani haba", fuata Biblia mpaka mwisho: mgonjwa asipopona, sadaka ya kutubu inafaa itoke mfukoni mwako.

Najua mtaniletea Nazareti, Marko 6, mahali Yesu hakufanya miujiza mingi kwa sababu ya kutoamini. Soma tena. Wasioamini walikuwa majirani waliomdharau, wakiuliza si huyu ni fundi mbao tu. Wagonjwa wachache waliofika, aliwawekea mikono wakapona. Mtaniletea pia yule wa Bethzatha, kwamba aliambiwa asitende dhambi tena. Sawa, aliambiwa yeye. Lakini sura nne mbele, kitabu hicho hicho, wanafunzi wanajaribu kuifanya kanuni ya kila mtu. Wanaona kipofu tangu kuzaliwa na swali lao la kwanza ni nani alitenda dhambi, yeye ama wazazi wake. Yesu anakataa swali lenyewe. Si yeye, si wazazi. Karibu miaka 2,000 baadaye, hilo swali bado linaulizwa kwa chai ya mazishi Murang'a, Kisii na Kilifi, na mama aliyezaa mtoto kama mimi ndiye hujibu kwa machozi.

Sasa angalia jinsi Yesu alivyofanya kazi, halafu ulinganishe na mabango yetu.

Aliuliza. Bartimayo alikuwa kipofu, kila mtu aliona ni kipofu, na bado Yesu alimuuliza anataka afanyiwe nini. Fikiria hiyo heshima. Hakudhani.

Alificha. Marko 7, anaponya kiziwi, lakini kwanza anamtoa kwa umati, wanaenda kando wawili. Marko 8, kipofu wa Bethsaida anashikwa mkono na kutolewa nje ya kijiji. Na mara nyingi baada ya hapo, anawaambia watu wasitangaze. Leo ungekuwa mwiko. Leo muujiza bila kamera tatu haujatokea.

Alitaka ithibitishwe. Mwenye ukoma alitumwa kwa kuhani akakaguliwe, kwa sababu makuhani ndio walikuwa na kazi hiyo kwa sheria yao. Kwa hivyo mtu akisema amepona, kumpeleka kwa daktari si kukosa imani. Ni kumfuata Yesu. Na mtu wa kifafa akiombewa, aendelee kumeza dawa zake mpaka daktari aseme vingine, kwa sababu kuacha dawa za kifafa ghafla kunaweza kuua. Hiyo naomba uisome mara mbili.

Na hakulipisha. Kwa Matendo 3, Petro anakutana na kiwete mlangoni mwa hekalu na anamwambia wazi kwamba yeye hana pesa. Yaani mwombaji ndiye alikuwa anaomba pesa, na mtume hana. Kwetu mambo yamegeuzwa: kiwete ndiye anaombwa.

Kuna wale pia ambao hawakuponywa, na hawa hawahubiriwi kabisa. Yakobo alipigana mweleka usiku kucha, akapata baraka na akaondoka akichechemea. Baraka na kuchechemea, asubuhi moja. Musa alikuwa na ulimi mzito. Mungu hakuufungua ulimi, alimpa Haruni, yaani alimtafutia msaidizi. Timotheo alikuwa na tumbo la kusumbua na Paulo alimshauri kuhusu kunywa divai kidogo, hakumwambia akemee. Trofimo aliachwa Mileto akiwa mgonjwa. Paulo mwenyewe aliomba mara tatu mwiba utolewe, na jibu lilikuwa neema itatosha. Kama mtu aliyeandika sehemu kubwa ya Agano Jipya aliambiwa hapana, wewe unamwambiaje msichana wa Dandora kwamba hajaamini?

Ninayempenda zaidi ni Mefiboshethi, 2 Samweli. Alikuwa mjukuu wa mfalme Sauli. Akiwa na miaka 5, yaya alikuwa anakimbia naye, akaanguka, mtoto akalemaa miguu yote miwili. Si dhambi, si laana, si mchawi wa upande wa baba. Ajali. Daudi alipokuwa mfalme alimtafuta, akamrudishia shamba la babu yake, na akampa kiti mezani pake kila siku. Na hiyo sura ya 9 inaisha ikitukumbusha kwamba bado alikuwa kiwete miguu yote miwili. Hakuna aliyemponya. Alipewa haki yake na kiti chake.

Sawa, nitakuwa mkweli: Biblia ina sehemu zinazoniuma. Mambo ya Walawi 21 inakataza kuhani mwenye kilema kukaribia madhabahu. Siwezi kujifanya haipo. Lakini ukiishika hiyo, shika pia Yesu kwa Luka 14 akisema ukifanya karamu, waalike maskini, vilema, viwete na vipofu. Hakusema waponye kwanza ndiyo waingie. Alisema waalike. Kanisa linaloamini pazia la hekalu lilipasuka haliwezi kugeuka tena na kushona kipande kimoja tu, kile kinachonizuia mimi.

Na hapo ndipo naona unafiki wetu mkubwa. Tunataka muujiza kwa sababu muujiza ni rahisi kuliko saruji. Kanisa la ghorofa mbili, lifti hakuna, choo kina mlango mwembamba ambao kiti cha magurudumu hakiingii, madhabahu ina ngazi sita. Halafu mnaniombea nitembee. Yaani mnamwomba Mungu abadilishe mwili wangu ili nyinyi msibadilishe jengo lenu! Wale marafiki wanne wa Marko 2 walipokuta mlango umejaa, hawakumwambia rafiki yao aongeze imani. Walitoboa paa. Nyumba ya mtu! Na Yesu hakulalamika kuhusu paa.

Nina beste kiziwi. Amelelewa kanisani, na kwa miaka yote hiyo wamemwombea masikio. Wamempaka mafuta, wamempulizia, wamempigia kelele kwa sikio. Hakuna hata mmoja wao amejifunza kusema "karibu" kwa ishara. Mmoja. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 120, inasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Bunge, wasee! Wale tunaowacheka kila wiki mtandaoni, lugha ya ishara wanaitambua kwa sheria, na nyumba ya Mungu bado inangoja masikio yafunguke. Kifungu cha 54 nacho kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima, na ya kufika mahali bila kuzuiwa isivyo haki. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 900,000 wenye ulemavu nchini. Uliza kanisani kwenu wako wapi. Wengi wako nyumbani, wamechoka kufanywa onyesho.

Na haya si ya Kenya pekee. Mmarekani Joni Eareckson Tada alivunjika shingo 1967 akipiga mbizi, akiwa na miaka 17, akapooza. Aliwahi kwenda mkutano mkubwa wa uponyaji wa Kathryn Kuhlman, na amesimulia jinsi watu wa viti vya magurudumu walivyotolewa mapema kabla ya mkutano kuisha, wakapangwa foleni kungoja lifti. Nilipojua hiyo stori nilikumbuka zile ngazi za nyuma. Joni hakutembea tena. Alianzisha huduma ambayo imepeleka viti vya magurudumu nchi nyingi duniani. Niambie nani kati ya hao wawili ndiye alikuwa "hana imani".

Mmarekani mwingine, Nancy Eiesland, alikuwa mwanatheolojia aliyeishi na ulemavu tangu kuzaliwa. Mwaka 1994 alichapisha kitabu akiuliza jambo ambalo sijaweza kulisahau. Yesu alipofufuka, mwili mpya kabisa, mwili wa utukufu, ulikuwa bado na mashimo ya misumari. Alimwambia Tomaso aweke kidole. Kama ufufuo unafuta kila alama ya mwili, mbona yake haikufutwa? Mnaniambia mbinguni sitakuwa na magongo. Labda. Sijui, na wewe hujui. Lakini anayekaa kwenye kiti cha enzi anajulikana kwa makovu yake, kwa hivyo sina haraka ya kuona aibu kwa yangu.

Kwa wewe kijana mwenye ulemavu unayesoma hii ukiwa umejificha chumbani kwa sababu kuna mtumishi anakuja kukuombea jioni: huna deni. Hujamwangusha Mungu, hujawaangusha wazazi. Unaruhusiwa kusema, "Asante, leo hapana." Ukitaka kuombewa, omba. Ukitaka waombe kuhusu mtihani wako wa KCSE ama kuhusu kazi, waambie hivyo, kwa sababu wewe si miguu tu.

Na kwa wewe unayetembea vizuri na una moyo mzuri, Jumapili hii fanya kitu kimoja. Fika kanisani mapema, simama mlangoni, hesabu ngazi kutoka barabarani mpaka kiti chako. Halafu mwendee mchungaji, kwa heshima, umuulize mteremko wa saruji utagharimu pesa ngapi. Akikuambia kanisa halina pesa, muulize zile spika ni za bei gani.

Yule mama wa matatu simchukii. Alinipenda kwa njia aliyofundishwa. Nikimpata tena Jogoo Road nitamwambia jina langu, nimuulize lake, halafu nimwombe asogeze viazi.